Kiwewe si upungufu wa imani



Kila Oktoba 10 dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Leo mfikirie muumini aliyenusurika ajali ya basi. Mwaka umepita na mifupa imeunga, lakini akisikia breki zikilia, moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka, kana kwamba ajali inatokea upya. Hicho ndicho kiwewe. Nasi parokiani humwambia, "Sali zaidi, usahau." Anaondoka na mzigo wa pili: kudhani kwamba imani yake ni haba.

Tiba zipo. Mojawapo, inayojulikana kwa kifupi kama EMDR, chimbuko lake ni mwaka 1987 kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mgonjwa hulikumbuka tukio kwa vipindi vifupi huku macho yake yakifuata vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia. Wapo wanaoeleza kwamba akili ikishughulika na mambo mawili kwa pamoja, kumbukumbu ile hupungua makali. Wataalamu bado wanabishana kuhusu mchango wa macho yenyewe, lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza tiba hii kwa wenye kiwewe. Hakuna uaguzi hapo. Tahadhari tu: itolewe na mtaalamu aliyefunzwa, kwani kidonda kikichokonolewa ovyo huzidi.

Je, kwenda huko ni kumkimbia Mungu? Soma Yoshua bin Sira, sura ya 38. Mgonjwa anaagizwa amwombe Mungu, kisha ampe nafasi tabibu, kwa kuwa naye ni kazi ya mikono ya Bwana. Haagizwi achague kimoja.

Tena, tiba hii haifuti kumbukumbu. Aliyepona hukumbuka bila kuzama. Bwana Mfufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari (Yoh 20). Alama zilibaki, ila mauti hayakumtawala tena. Kwa nini basi tumdai ndugu yetu asahau, ndipo tuamini kwamba amepona?

Juma hili, katika jumuiya yako ndogondogo, ulizeni ni wapi karibu nanyi anapatikana mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Akija aliyejeruhiwa, msikilizeni, salini naye, kisha mmoja wenu amsindikize.