Loiyangalani Inahitaji Mikono Yetu

Wakenya wenzangu, tukienda tena kwenye tamasha la Loiyangalani, tusiende kupiga picha na kurudi. Twende kufanya kazi.

Tangu 2008, jamii 14 za Marsabit zimekuwa zikikutana kwenye tamasha hilo, ukingoni mwa Ziwa Turkana: Waelmolo, Warendille, Wagabra, Wasamburu, Waturkana, Waborana na wengineo. Ni jamii ambazo sisi wa mbali huzisikia redioni mifugo inapoibwa au watu wanapouana kwa ajili ya malisho. Hapo zinacheza uwanja mmoja, na kila moja inajenga boma lake. Watazame kina mama wa Kigabra wakiinua nyumba: fito zimepindwa, zimefungwa kwa kamba, mikeka imetandazwa juu yake. Nyumba hiyo ilikuja mgongoni mwa ngamia. Ni ya mviringo, haina kona ya kushikwa na upepo.

Na upepo wa huko si mchezo. Ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme isimikwe kusini mwa mji wa Loiyangalani. Usiku upepo huo huteremka kutoka Mlima Kulal na kung'oa vigingi vya mahema yetu ya dukani. Basi kabla ya giza, panga mawe mazito kuzunguka hema lako, kisha msaidie jirani. Kujitolea kunaanzia hapo.

Maji ndiyo kazi kubwa zaidi. Ya ziwani yana magadi, na chemchemi za mji ni za wenyeji na mifugo yao kwanza. Ni aibu wageni kuzikausha kwa kuoga mara mbili kwa siku! Kila gari libebe mitungi iliyojaa. Libebe pia magunia ya takataka, kwani mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku 2017, lakini chupa tunazitupa bado.

Jembe la mgeni tulishike siku ya kwanza, tusingoje ya tatu. Wauguzi, mafundi magari, wanafunzi, vijana wa makanisa na misikiti: jikusanyeni kumi kumi, muiandikie idara ya utamaduni ya Kaunti ya Marsabit mapema, muulize wenyeji wanataka mfanye nini. Fikeni siku mbili kabla ngoma hazijaanza. Samaki na mikeka nunueni kwao, kwa bei yao. Na ngoma zikiisha, bakini siku moja zaidi mfagie uwanja.