Mzee, toka chini ya gari

Kuna wazee hapa Shauri Moyo ambao kila Jumapili hujilaza chini ya gari, spana mkononi, wakihofia kwamba fundi atang'oa kipuri kizima aweke kibovu. Hofu hiyo siwezi kuicheka.

Lakini ukipita miaka 40, jicho huanza kushindwa na vitu vya karibu. Nati iliyo mbele ya pua huwa ukungu, na miwani ya kusomea hujaa oili. Mgongo nao, ukikunjwa saa nzima, hugoma kunyooka. Tena wengi huinua gari kwa jeki pekee! Ikiteleza, nani atakuvuta?

Mzee wangu, chukua stuli. Kijana wa jua kali aingie chini, gari likiwa limeegemezwa kwa vyuma imara, nawe uhesabu kila nati anayofungua. Kwa umbali huo macho yako bado yanaona sawasawa. Na kipuri cha zamani akupe mkononi.