Kizuri kula na mwenzio, hata sinema

Jamani, juzi nimefanya jambo ambalo bado linaniuma. Nimeona niliandike kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Rafiki yangu mmoja aliniazima miwani yake ya uhalisia pepe, ile minene inayofunika nusu ya uso kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. "Sahau runinga," akaniambia, "hii ni sinema nzima kichwani mwako." Ijumaa usiku nikakaa kwenye kochi, sebuleni kwetu Sinza, nikavaa hedifoni, nikafungua filamu. Mbele yangu ukatokea ukuta mzima wa picha. Kusema kweli nilishangaa. Nikajisemea, hivi watu wananunua runinga za nini tena?

Filamu ilipoisha nikavua. Sebule tupu.

Kumbe mama alikuja akakaa pembeni yangu. Akaniambia mama mdogo kazidiwa, kakimbizwa hospitali, nimsindikize. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kufuata muziki wa filamu, yeye akadhani naitikia. Akaenda kuvaa, akarudi, akaona sinyanyuki. Akapanda bodaboda peke yake, saa tatu usiku.

Mama mdogo amepona, namshukuru Mungu. Lakini mama aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani unanisikia, mwanangu." Heri angenigombeza.

Haya, najua mtakachosema: kosa ni lako, usiisingizie miwani. Kosa ni langu, sikatai. Ila nakataa kwamba miwani haina lake. Runinga ikiwa inawaka, mtu akiingia sebuleni unamwona. Hii imetengenezwa ili usimwone, na ndiyo sifa inayouzwa.

Mashabiki watanijibu kwamba za siku hizi zina kamera, unaweza kuona chumba. Sawa, wewe unakiona chumba. Je, aliyemo chumbani anakuona wewe? Apple walipoanza kuuza Vision Pro huko Marekani Februari 2024, kwa dola 3,499, waliiwekea skrini ya pili upande wa nje, inayoonyesha picha ya macho ya aliyeivaa. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Unaficha macho ya mtu, halafu unaweka skrini ya kuwaonyesha wenzake picha ya macho hayo hayo! Kampuni ambayo haijui kuna tatizo haihangaiki namna hiyo.

Sasa tuje kwenye huo "ukubwa" tunaoimbiwa.

Ahadi hii ni ya zamani. Mwaka 1996 Sony walitoa Glasstron, wakasema ni kama kutazama skrini ya inchi 52. Mwaka 2011 wakaja na HMZ-T1, safari hii eti inchi 750 kwa umbali wa mita 20! Ziko wapi leo? Inchi za hewani ni rahisi kuzitaja kwa sababu hakuna anayezipima kwa futi kamba.

Jicho halijui inchi, linajua nafasi ambayo picha imechukua mbele yake. Runinga ya inchi 55 ina upana wa sentimita 120 na kidogo. Ukikaa mita mbili kutoka kwake, nafasi inayochukua ni karibu sawa na picha ya sentimita 12 kwenye simu uliyoishika sentimita 20 kutoka machoni. Ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini je, kuna anayesema ana runinga ya inchi 55 mfukoni?

Na usafi wa picha? Chukua Meta Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023 kwa dola 499, yaani zaidi ya milioni moja na laki mbili za kwetu wakati ule. Kampuni yenyewe inasema inatoa pikseli 25 kwa kila nyuzi moja ya uwanja wa macho. Ukitandaza filamu iwe na upana wa nyuzi 60, kama ukumbini, unapata pikseli 1,500 kwa upana. Runinga ya kawaida ya HD kamili ina 1,920. Umelipa zaidi, umeona kidogo, na umebeba nusu kilo usoni. Betri nayo ni ya saa mbili na ushee. Filamu ya Kihindi itakukatikia stelingi hajalipiza kisasi!

Nisiwe mchoyo wa haki. Mgonjwa aliyelala chali miezi miwili, anatazama dari tu, mpeni miwani hii hata kesho. Mwanafunzi anayebanana na wenzake watatu chumba kimoja cha hosteli, naye namwelewa. Mzazi ambaye mtoto amelala pale pale runinga ilipo, pia. Hao upweke au kubanana kumewakuta, hawakukununua.

Ninaowasema ni sisi wenye sebule, wenye watu ndani ya sebule, tunaoambiwa kwamba raha kamili ni kuwafuta.

Mji huu unajua skrini kubwa ni nini. Kulikuwa na Drive-in pale Msasani tangu miaka ya 1960, mahali ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Familia zilikwenda na magari yao. Kisha vikaja vibanda umiza. Runinga yenyewe ilikuwa ndogo, benchi linaumiza, jasho linatiririka, na Lufufu anatutafsiria filamu za watu kwa Kiswahili chake mpaka mbavu zinauma. Hakuna aliyelalamika inchi. Ukubwa wa ile skrini ulikuwa ni sisi tulioizunguka, tunashangilia na kubishana.

Wahenga walisema kizuri kula na mwenzio. Miwani hii inakupa kizuri, halafu inamwondoa mwenzio.

Nimeirudisha Jumapili. Jioni yake nikakaa na mama mbele ya runinga yetu ya inchi 32, tukatazama tamthilia ambayo siipendi. Aliongea mwanzo mpaka mwisho. Nilisikia kila neno.

Naomba kutoa hoja.