Ntoto: Bunduki haikuletwa na mchezo wa Contra

NTOTO – Kwenye mpaka huu wa Masisi na Walikale, kuna wazee wanaosema kwamba mchezo wa Contra ndio unaharibu vijana. Eti mtoto anaona bunduki kwenye televisheni mchana, jioni anataka kuingia porini. Wengine wanaomba nyumba za video zifungwe kabisa. Wazee wanastahili heshima, lakini kwa jambo hili wanakosea, tena wanakosea vibaya.

Contra ilitengenezwa Japani na kampuni ya Konami mwaka 1987, wakati wazazi wengi wa vijana hawa walikuwa watoto bado. Picha yake ni ya zamani, sauti yake inakwaruza. Hata simu ya bei ndogo ina mchezo wa kupendeza macho kuliko huo. Basi sababu gani vijana wanangojea zamu yao mbele ya televisheni moja inayokula betri?

Sababu ni ugumu wake. Askari wawili wanakimbia ndani ya msitu, risasi zinatoka kila upande. Risasi moja tu, umekufa. Silaha nzuri uliyookota inapotea palepale. Maisha ni matatu, na daraja linalipuka chini ya miguu. Anayeanza hafiki mbali. Lakini mzinga uko palepale ulipokuwa jana, na daraja linalipuka palepale. Anayekufa anajua kosa lake: ameruka mapema, amesimama vibaya. Anarudi, anakufa, anarudi tena, siku moja anapita.

Mtoto aliyekimbia kijiji chake usiku hakukosa kitu. Aliruka vizuri, alisimama vizuri, na bado shamba la wazazi limevunwa na wengine. Hakuna anayemwambia alipokosea, sababu hakukosea. Ni ajabu gani akipenda mahali ambapo kufa kuna sababu, na kuanza upya kunaruhusiwa?

Kuna pia hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji. Wachezaji wawili wanapanda pamoja. Mmoja akipanda haraka bila kumngoja mwenzake, picha inasogea juu na aliyebaki chini anakufa. Hapo ndipo kelele inakuwa kubwa: «Ningoje, ndugu yangu!» Mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi wakishika mchezo huo pamoja, lazima wangojane, ama wote washindwe.

Hata kule ulikotoka walijua ugumu ni nini. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki mwaka 2020, alishindwa kumaliza Gradius, mchezo mwingine aliokuwa akiutayarisha mwaka 1986. Akaficha ndani yake njia ya kujisaidia: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kwenye Contra njia hiyo inatoa maisha 30. Wachezaji wanaambiana kama siri ya dawa ya kienyeji. Na wengi wanayamaliza yote 30.

Sasa wazee wajibu. Vikundi vya silaha vilisubiri Contra ili vianze? Mtoto anaingia huko sababu ya njaa, sababu ya kisasi, ao sababu amekamatwa kwa nguvu akitoka shambani. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuingiza watoto katika vikundi hivyo. Mbona mkutano juu ya sheria hiyo ni mgumu kuitisha, na mkutano wa kufunga video ni mwepesi? Ni kwa kuwa mwenye video hana bunduki.

Kweli, pesa ya sabuni inapotelea mle, na mtoto wa miaka 8 hana kazi huko saa ya darasa. Wazazi waelewane na wenye nyumba za video: saa ya masomo mlango ufungwe, giza likiingia kila mtoto awe kwao. Saa zilizobaki katikati, waachwe wacheze.