Paa la Zamani Lisivunjwe kwa Haraka



Kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha, makundi yetu huitwa kufanya salongo: kufagia uwanja, kupaka kuta rangi, kutengeneza paa la nyumba ya zamani kabla mvua haijaanza. Kazi hiyo ni njema, nasi hatutaki ipungue. Lakini twaona kuna kazi moja ambayo kijana asitumwe kuifanya, wala asijitolee: kupanda, kusugua au kuvunja yale mabamba ya kijivu yaliyoezekwa tangu ukoloni, ambayo wazee wetu huyaita Eternit.

Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya umilele. Ludwig Hatschek wa Austria ndiye aliyesajili uvumbuzi huo mwaka 1901, kwa kuchanganya saruji na amianti, jiwe lenye nyuzi. Bamba hilo halikushika kutu wala moto, likaenea duniani, hata katika miji yetu ya migodi kama Lubumbashi na Likasi. Ila hakuna bamba la milele. Baada ya miaka mingi ya jua na mvua, saruji ya juu hulika na nyuzi hubaki wazi. Bamba linaloonekana imara laweza kukatika ghafula chini ya mguu, na aliye juu yake akaanguka hadi sakafuni.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Bamba zima lisiloguswa hutoa vumbi dogo. Likisuguliwa kavu, likikatwa kwa msumeno au kupondwa kwa nyundo, hutoa nyuzi ndogo mno zinazoingia mapafuni na kukaa humo. Shirika la Afya Duniani lasema wazi kwamba amianti ya kila aina husababisha saratani. Ubelgiji, iliyotutawala nyumba hizo zilipojengwa, iliipiga marufuku mwaka 1998.

Wako wanaosema: «Tumeishi chini ya mapaa haya miaka hamsini, na hakuna aliyekufa.» Tunawajibu kwa heshima. Ugonjwa huu hukawia miaka 20, 30, hata 40, na aliyefiwa hakumbuki tena vumbi la siku ile. Tena, kuishi chini ya bamba zima si sawa na kulivunja. Mwenye miaka kumi na saba ndiye aliye na muda mrefu zaidi wa kuugua.

Basi tufanye nini? Kwa macho hatuwezi kujua bamba lipi lina amianti. Kila bamba la kijivu la zamani tulihesabu kuwa nayo. Lililo zima tuliache. Likilazimika kuondolewa, kazi hiyo ni ya mafundi waliofundishwa na wenye vifaa, kwa maana kitambaa cha kufunika pua hakizuii nyuzi hizo. Hao hulilowesha maji, hulifungua likiwa zima, hulifunga katika plastiki na kulizika mahali pasipochimbwa. Vipande vilivyokwisha kuanguka tusivifanye mafiga, wala tusivitupe watoto wanapocheza.

Twajua kwamba mafundi na mabati mapya ni gharama. Ndiyo maana twawaomba wakubwa wa parokia na wa shule waliweke jambo hili katika hesabu za mwaka, badala ya kutegemea nguvu za bure za vijana. Nguvu hizo ni za bure kwa yule tu asiyelipa gharama ya hospitali.

Nanyi vijana, kumwambia mzee kwa adabu, «Baba, paa hili hatupandi,» si uvivu wala uasi. Ni kulinda uhai, wenu na wa jirani.

Tujiulize katika kundi letu:
1. Ni nyumba zipi kwetu zenye mabamba hayo, na hali yake ikoje?
2. Nani atakwenda kuzungumza na wakubwa kabla ya salongo ijayo?