Kadi namba 13 na programu zinazoisoma kwa haraka

Haya, wapenzi wa tarakilishi, leo tuziache kidogo simu mpya na betri zao zisizokaa na moto. Kuna jambo linanikera. Nawaona vijana hapa Meru, na hata kule Embu, wakiweka kwenye simu programu za kadi za tarot. Asubuhi kabla ya chai mtu anabonyeza, kadi moja inafunuka, chini yake sentensi mbili, na siku imeshahukumiwa.

Tuchukue kadi moja tu, ile inayotisha kuliko zote: namba 13, Kifo. Katika kadi zilizochapishwa London mwaka 1909, ambazo Pamela Colman Smith alizichora kwa maelekezo ya A. E. Waite, kiunzi cha mifupa kimevaa deraya nyeusi, kimepanda farasi mweupe, kimeshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme amelala chini. Askofu amesimama mbele ya farasi kama anayeomba. Mtoto amepiga magoti. Mbali kabisa, jua liko katikati ya minara miwili. Linachomoza au linazama? Ukiitazama picha peke yake huwezi kujua, na mimi naona hapo ndipo penye utamu wake.

Vitabu vya wanaoanza husema kadi hii si ya mtu kufa, ni ya jambo kuisha ili jingine lianze. Sawa. Lakini jambo gani? Kusoma kadi kunaanzia kwenye swali hilo, na programu nyingi zinaishia papo hapo.

Na usidanganywe kwamba zimeficha siri ya Misri ya kale. Tarot ilikuwa mchezo wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Habari za Misri alizitoa Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka 41 kabla Champollion hajatangaza mwaka 1822 jinsi ya kusoma maandishi ya Misri. Yaani alitafsiri kitabu ambacho hakuna aliyeweza kukisoma!

Sasa tufungue boneti. Ndani ya programu ya namna hii kuna jedwali lenye kadi 78 na maelezo yake, kisha nambari ya kubahatisha inayochagua moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Piga hesabu: ukifunua kadi moja kila siku kwa siku 30, nafasi ya kukutana na Kifo angalau mara moja ni kama asilimia 32. Programu ikiwa na watumiaji 10,000, kila asubuhi watu wapatao 128 watafunuliwa kadi hiyo. Katika hao 128, mmoja ameacha kazi jana na atacheka. Mwingine ana kesi ya shamba. Mwingine mama yake amelazwa wodini na hajalala siku tatu. Wote wanapata sentensi ileile, neno kwa neno.

Wazee hawakufanya hivyo. Mundu mugo wa Embu alikuwa na kibuyu chake cha mbegu, akizimwaga na kuzihesabu mafungu mafungu, lakini mazungumzo na aliyekuja yalikuwa sehemu ya kazi. (Mchungaji wangu akisoma hapa, simpigii mtu debe, naeleza mfumo tu.) Pwani nako, ramli ina maumbo 16, kila moja mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili. Mwenzangu wa tarakilishi ameshaona: ni biti nne. Na umbo moja halina maana moja. Hutegemea limeangukia nyumba gani, ya mali, ya ugonjwa, ya safari. Mpigaramli ana vitu viwili vya kuingiza kabla hajatoa jibu. Programu ya simu yako ina kimoja, tena cha kubahatisha.

Mtaniambia ni mchezo tu. Mchezo haukuamshi saa kumi na mbili asubuhi kwa mlio kukuletea Kifo ambacho hukukiuliza. Mwaka jana mteja mmoja alitaka nimjengee programu ya aina hii. Nikamwambia tuweke kwanza kisanduku cha swali, na kadi ngumu zimalizie kwa kumuuliza mtu badala ya kumpa hukumu. Akasema watu hawapendi kuandika. Kazi hiyo sikuichukua, na aliyeichukua simlaumu, kodi ya nyumba haisubiri. Ila mwandishi wa programu anayeandika sentensi ya kadi namba 13 ajue yule wa wodini ataisoma akiwa peke yake.

Kama kweli unataka kujifunza, anza na kadi hii moja na daftari. Andika swali lako kabla ya kuifunua. Kisha andika unachokiona kwenye picha, bila kufungua kitabu wala simu: nani ameanguka, nani anatazama, jua liko wapi. Kesho rudia kwa kadi hiyohiyo na swali jingine, tuseme la kazi, keshokutwa la ndoa. Halafu ziweke kurasa tatu pamoja, uone ni maneno gani yamebaki yaleyale na ni yapi yamebadilika.