KUPANDA MTI SI KAZI, KUUTUNZA NDIO NGOMA

Mei mwaka jana shule yetu ilikuwa kama penye arusi. Mgeni wa heshima alifika, picha zikapigwa na miche 60 ikapandwa kando ya uga. Mimi mwenyewe nilighani shairi la kusifu miti, mkanipigia makofi si haba. Juma lililopita nilikwenda kuihesabu miche hiyo. Imebaki 11. Mche wangu, mimi malenga wa miti, haumo.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mti nao ni vivyo hivyo. Kuupanda ni kazi ya dakika tano. Ngoma ni kuutunza.

Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ili tupande. Ni jambo jema. Lakini mche haujui sikukuu. Mizizi yake bado ni mifupi. Udongo wa juu ukikauka, nao umekwisha. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kutuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004, alilijua hilo. Akina mama wa vijijini walipewa vijisenti kwa kila mche ulioishi, sio kwa kila mche uliopandwa tu.

Najua wapo watakaosema, "Ati tulikuja shuleni kunyunyizia miti maji?" Wengine watasema maji yenyewe ni haba. Wenzangu, hebu tazameni pale mferejini baada ya chakula cha mchana. Kila mtu anasuuza sahani yake, maji yanaishia mtaroni, na hatua kumi tu kutoka hapo miche inakufa kiu. Maji ya kifuu, bahari ya chungu!

Maoni yangu ni haya. Kila darasa lipewe miche yake. Ndoo iwekwe pale mferejini kukinga maji ya kusuuzia. Jioni, jua likishapoa, mwenye zamu aipeleke, kisha atandaze nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu usipotee upesi. Na likizo je? Hapo ndipo sisi wa shule za kutwa tunapowashinda wenzetu wa bweni. Wao hutawanyika kwenda makwao. Sisi tunaishi papa hapa. Kupitia shuleni mara mbili kwa wiki si safari.

Chama chetu cha Kiswahili na kiwe cha kwanza. Mimi nimekwisha kujichagulia mche ulio karibu na lango. Mbuzi waliutafuna kichwa, lakini umechipuka tena. Mwakani mkinitaka nighani shairi la miti, kwanza nitawapeleka mkauone.